Nilale Malindi, Nisome Kilifi?

Baba alikubali nirudi chuoni kwa sharti moja: nisome Kilifi, nilale Malindi. Malindi yuko shangazi, dada yake wa tumbo moja, na katika hesabu za baba mtoto wa kike aliye kwa shangazi yake hayuko ugenini. Kwamba kati ya nyumba ya shangazi na lango la Chuo Kikuu cha Pwani pana kilomita 60 hivi, hilo hakuliona kuwa jambo. Alisema yeye huenda mbali zaidi ya hapo kutega malema yake, tena kwa tanga. Si kweli, lakini nani atamwambia.

Nina miaka 26. Nilipokuwa Mombasa kwa shahada ya kwanza, kaka yangu alikuwa akifanya kazi huko huko, kwa hiyo habari ya kulala haikuzuka. Sasa kaka yuko Oman, na mimi nimerudi Amu, yaani Lamu mjini, kufundisha biolojia na kemia katika shule moja ya sekondari. Nimeajiriwa na bodi ya shule, yaani mshahara huja siku unapojisikia kuja. Jumamosi huvaa buti za mpira nikaenda kupanda mikoko na kikundi cha kina mama. Hapo ndipo wazo la uzamili liliponishika: tunapanda miche mia, tukirudi tunakuta thelathini, na hakuna kati yetu anayejua kwa nini thelathini na si sabini.

Kuna chuo kingine nilichokitaka kwanza, sikitaji. Nilikiandikia barua pepe tatu. Miezi miwili baadaye likaja jibu la heshima kabisa, likimshukuru mtu mwingine kwa kuomba kazi ya udereva. Nikaamua chuo cha pili sitakiuliza kwa barua. Likizo ya Aprili ilipofika nikawaambia nyumbani: nakwenda siku nne, nilale kwa shangazi, niamke, nipande matatu, nifike chuo, nirudi, kana kwamba nimeshaanza masomo. Nikirudi nitakuwa na jibu. Baba akasema jibu analo tayari, lakini nauli akatoa.

Kusi ilikuwa imeanza kuvuma. Boti ya kutuvusha bara, Mokowe, ilijaa asubuhi ile, na kila wimbi liliingia ndani likakaa kitako kama abiria aliyelipa. Mama alinisindikiza mpaka gatini. "Ndia ni ndefu, mwanangu," akasema. "Usilale na simu mkononi." Nililala na simu mkononi kabla hatujafika Witu.

Njia hii watu wa Lamu tunaijua kwa mgongo. Nilipokuwa mdogo ilikuwa mchanga na matope, na basi likikwama wanaume wanashuka kusukuma, wanawake wanashuka kuomba dua. Sasa ni lami hadi Garsen. Kinachobaki ni vizuizi vya ukaguzi: tunashuka, tunapanga foleni, tunaonyesha vitambulisho, tunapanda. Mzee aliyekaa mbele yangu alishuka kila mara na chupa yake ya chai kwapani, hakuiamini basi wala mtu. Ukivuka Mto Tana hapo Garsen hewa hubadilika, na baada ya saa nzima hivi ya vichaka unaanza kuona weupe upande wa bahari. Ni mashamba ya chumvi ya Marereni na Gongoni. Marundo yake yanang'aa mpaka unafinya macho. Nyuma ya marundo nikaona mikoko, nikabandika uso kwenye kioo. Mama mmoja jirani yangu akauliza kama natapika.

Kabla ya Mambrui kuna njia ya kwenda Ngomeni. Huko Waitalia walisimamisha majukwaa baharini, wakarusha setilaiti. Mojawapo iliruka tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, ikapewa jina Uhuru. Nawafundisha wanafunzi wangu jambo hili kila mwaka na kila mwaka hawaniamini, wanasema mwalimu, Ngomeni ni pa samaki. Halafu ukavuka Sabaki, maji mekundu kama udongo wa kufinyangia, na umefika.

Shangazi anakaa mtaa wa Shella, jina lile lile la kijiji chetu cha Shela kule Amu, na yeye hulitaja kama mtu aliyehama nyumba moja kwenda ya pili. Nilimpa mkono nikaubusu, akanishika kichwa, akanigeuza huku na huku, akasema nimekonda. Kisha akanipeleka chumbani. Hapo ndipo safari yangu ilipoanza kuwa ngumu.

Chumba kilikuwa kimepakwa rangi upya, ya samawati. Pazia jipya. Kitanda kimetandikwa shuka ambazo najua ni za arusi yake. Na dirishani, mahali penye upepo, palikuwa na meza mpya ya kusomea, ya mbao za mkangazi, bado inanuka vanishi. "Fundi kaileta jana," akasema shangazi. "Nimemwambia aweke na droo, ya karatasi zako." Mimi nilikuwa nimekwenda kufanya majaribio. Yeye alikuwa amekwisha kupata jibu lake, na lina droo.

Usiku tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Niliomba mai ya kunawa, na wanawe wawili, mvulana wa miaka kumi na sita na dada yake wa kumi na miwili, wakaangua kicheko. "Sema maji!" Wao wamezaliwa Malindi, Kiamu wanakisikia kwa mama yao akikasirika tu. Kuanzia hapo kila glasi iliyopita mezani ilitajwa jina: hii hapa mai, pokea mai, mai yamekwisha.

Siku ya kwanza niliamka na adhana ya Alfajiri. Nikaswali, nikanywa chai na mahamri na mbaazi, saa kumi na mbili kamili nikawa kituoni. Matatu ya Kilifi ilikuwepo, na ndani walikuwemo watu wanne. Matatu ya watu wanne haiendi popote. Ilipojaa ilikuwa karibu saa moja. Tukapita Gede, tukaingia ule mstari mrefu wa msitu wa Arabuko-Sokoke, miti imesimama upande wa kulia kama ukuta, tukashusha mtu na gunia la makaa, tukapakia mtu na kuku watatu. Nilishuka langoni mwa chuo saa mbili kasoro dakika kumi. Kipindi cha saa moja asubuhi, kama ningekuwa nacho, kingekuwa kimekwisha nami niko na kuku. Niliandika kwenye daftari: nauli mia mbili, muda karibu saa mbili, miguu imekufa ganzi.

Chuo chenyewe kiko kando ya barabara kuu, kabla hujaingia mji wa Kilifi ukitokea kwetu. Zamani palikuwa taasisi ya kilimo. Mwaka 2007 pakawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mwaka 2013 kikapata hati yake na kusimama chenyewe. Kwa hiyo ni chuo kichanga, na uchanga huo unauona: majengo mapya yamesimama katikati ya mibuyu ambayo haina habari nayo. Nilipenda ile nafasi. Chuo changu cha Mombasa kilikuwa ngazi na korido. Hapa mtu anatoka maabara akiwa na koti jeupe, anapita chini ya mbuyu, na mbuzi wa mtu anamtazama.

Nilikuwa nimewasiliana na mhadhiri mmoja wa upande wa mazingira. Alinipa nusu saa. Nilikuwa na pendekezo la utafiti la kurasa nne, limepigwa chapa, limebanwa pini, linahusu kaboni ya mikoko. Niliandika kaboni kwa sababu kila nilichosoma kiliandika kaboni. Nilitoa mfano wa Gazi, kusini mwa Mombasa, ambako tangu 2013 wanakijiji wameuza kaboni ya mikoko yao na fedha zikaenda kwenye maji na shule. Mhadhiri alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka hadi wa nne, akaweka chini. Akaniuliza mikoko nimeijulia wapi.

Nikasema kwa babu.

Akasema, haya, niambie ya babu.

Babu yangu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa mkata mikoko visiwa vya kaskazini, Ndau na huko. Alinifundisha kuitenga miti kabla sijajua kusoma. Mkoko wenyewe, mizizi yake imesimama juu kama miguu ya buibui, jani lina kincha na chini yake madoadoa meusi. Muia, unafanana nao mpaka uangalie tunda, lake nene kama biri. Mkandaa, gome lake la kutia rangi ngozi. Mchu, ulambe jani lake uonje chumvi, na mizizi yake imechomoza matopeni kama penseli. Mlilana unaosimama mbele kabisa, miguu ndani ya bahari, ndio wenye mataruma ya jahazi. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo ambalo watoto tulilichezea mpira likatuvunja vidole. Nilikuwa nataja, naye anaandika pembeni majina ya Kilatini, Rhizophora, Bruguiera, Ceriops, Avicennia, Sonneratia, Xylocarpus, mpaka karatasi yangu ya kaboni ikajaa mgongoni.

Halafu nikamweleza hesabu. Miti huuzwa kwa korja, na korja ni miti ishirini. Na kila unene una jina lake: fito ndizo nyembamba, halafu pau, halafu mazio, halafu boriti, halafu nguzo. Boriti ndizo zilizojenga Amu. Vyumba vya nyumba zetu za mawe ni vyembamba na virefu kwa sababu boriti haipiti sana mita tatu, basi ukuta hadi ukuta hauwezi kupita hapo. Ndizo zilizokuwa zikipakiwa majahazini kupelekwa Arabuni, mpaka serikali ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Babu alikuwa akisema marufuku ile ndiyo iliyomgeuza baba kuwa mvuvi.

"Na babu yako alikata vipi?" akauliza.

Nikamwambia jambo ambalo kwetu kila mkataji analijua na mimi sikuwahi kuliona kuwa elimu. Mkoko ukikatwa shina hauchipuzi tena, umekufa. Mchu ukikatwa huchipuza. Kwa hiyo babu alipokata mkoko alichagua mmoja hapa, mmoja kule, akaacha wenye matunda wasimame juu ya uwazi ili wadondoshe miche. Baadaye wakaja watu wanaotaka fito, wakakata wembamba wote mahali pamoja. Uwazi ule ukabaki uwazi. Na sisi leo kikundi cha kina mama tunakwenda kupanda mkoko katikati ya uwazi huo huo, na thelathini ndiyo inayobaki.

"Nani amelipima hilo?" akauliza.

Nikanyamaza.

"La kaboni ni zuri," akasema, akanirudishia karatasi upande wa mgongo juu. "Lakini hili lingine umelieleza bila kutazama karatasi."

Ile nusu saa ilikuwa imefika saa moja na robo. Nilitoka nikakaa juu ya mzizi wa mbuyu, nikaandika kila kitu kabla hakijatoroka.

Wanafunzi wa uzamili niliwakuta mchana kwenye kivuli, watatu, mmoja wa Voi ana mtoto mdogo mgongoni na kompyuta mapajani. Ukienda kukitazama chuo, nakusihi watafute hawa kabla ya mtu mwingine yeyote. Niliwauliza maswali niliyoandaa, maktaba ikoje, maabara ikoje. Wakajibu kwa adabu. Kisha yule wa Voi akasema, "Dada, hayo utayazoea popote. Muulize msimamizi wako anasoma sura moja kwa wiki ngapi. Na muulize boti ni ya nani." Boti! Kwa mtu wa mikoko boti ndiyo maabara. Wengine hukodi kwa fedha zao, lita za petroli zinakula ufadhili mpaka wanabaki kupima miti iliyo karibu na barabara. Sikuwa nimeliwaza hilo hata kidogo, nami ni mtoto wa mvuvi mwenye mashua.

Wa pili alikuwa mtu wa Malindi. Nikamweleza sharti la baba. Akacheka, si kwa kejeli, kama mtu anayeona kovu lake kwa mtu mwingine. Alijaribu muhula mmoja, akasema. "Asubuhi unaiweza. Itakayokushinda ni jioni. Matatu zinatoka Mombasa zimejaa. Unasimama barabarani saa kumi na mbili, zinapita, zinapita, kondakta anakuonyesha kiganja."

Nilitaka kujionea. Nilikaa maktaba hadi saa kumi na moja na nusu, nikatoka, nikasimama. Zilipita saba. Kiganja, kiganja, kiganja. Ya nane ilinichukua nusu ya kiti, nusu nyingine ilikuwa ya mtu na tairi lake. Nilifika Shella saa mbili usiku, shangazi yuko mlangoni na tochi, ingawa taa za mtaani zilikuwa zinawaka.

Siku ya pili sikurudi chuoni. Nilikwenda mji wa Kilifi kutafuta chumba, na sikumwambia mtu. Nilimwambia shangazi nakwenda kuona maktaba, jambo ambalo lilikuwa kweli jana yake.

Kilifi ni mji mdogo unaoteremka kwenda majini. Umezoea watafiti, kwani kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust kiko pale tangu 1989, na mwenye nyumba wa kwanza niliyemkuta, mama wa Kigiriama mwenye kanga ya manjano, hakuniuliza jina. Aliuliza, "Wewe ni wa mbu au wa chuo?" Nikasema wa chuo, wa mikoko. Akasema wa mikoko hajawahi kupata, ila ni sawa. Chumba chake kilikuwa bedsita, kina choo ndani, dirisha moja linatazama mwembe, tangi la maji juu ya paa, dakika kumi kwa bodaboda hadi langoni. Kodi elfu saba. Nikakaa kwenye ngazi yake nikapiga hesabu. Nauli mia nne kwa siku, siku tano elfu mbili, wiki nne elfu nane. Kulala bure Malindi ni ghali kuliko kulala Kilifi kwa kulipa. Nikapiga tena nikidhani nimekosea. Kemia nafundisha, lakini hesabu hii ilinifurahisha kuliko zote nilizowahi kufanya, kisha ikanitia huzuni nilipokumbuka droo.

Jioni nilitembea mpaka darajani. Chini pana hori pana, maji ya kijani, mashua za matanga za Wazungu zimetia nanga. Mbali ndani nikaona mstari wa mikoko. Shangazi hukumbuka kabla daraja hili halijafunguliwa 1991, walipovuka kwa feri: foleni ya magari, jua, wauza korosho na madafu, na wao watoto wa Lamu wakienda Mombasa wakiwa wamechoka hata njaa hawaisikii. Kila akipita darajani, anasema, bado huinusa korosho iliyokaangwa. Nilijaribu. Mimi nilisikia dizeli tu.

Siku ya tatu binamu zangu walinitaka niwe mgeni. Tukaenda kwanza Mida, ambako kuna daraja la mbao la kamba linalopita juu ya mikoko mpaka maji yanapofunguka. Mvulana alidhani ataniogopesha kwa kulitikisa. Nilimtajia miti yote njia nzima, yeye akawa ananipiga picha nikilamba jani la mchu. Mikoko ya Mida ni mizuri. Ni mifupi. Nilijisikia mtu wa kwetu nikiisema hivyo.

Alasiri wakanipeleka kwenye mnara wa Vasco da Gama, kwa sababu kila mgeni wa Malindi lazima apigwe picha pale. Kuvuka barabara ilikuwa kazi. Amu mwenye haki ya njia ni punda, na punda akikuona hupunguza. Tukutuku haipunguzi. Muuza maembe alituhesabia kwa Kiitaliano, uno, due, tre, kisha akauona Uswahili wetu usoni akaanza upya. Mnara mweupe umekaa kwenye ncha ya mwamba, msalaba juu, mawimbi ya kusi yanarusha povu. Da Gama alifika 1498, akapewa rubani hapa wa kumvusha hadi India. Binti mdogo aliniambia shuleni wamesoma pia habari ya twiga: mwaka 1415 twiga wa Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China. Nikamwambia na huyo alikwenda mbali, na hakuna aliyemuuliza atalala kwa nani. Akanitazama kwa makini. Watoto wa miaka kumi na miwili hawapitwi na kitu.

Usiku ule nilimwambia shangazi. Nilianza na matatu saba, nikaenda kwenye tairi, nikafika kwenye elfu nane na elfu saba. Nilikuwa nimeandika kwenye karatasi kabisa. Alikuwa anachambua mchele. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaendelea kuchambua, kipunje kimoja, kimoja, mpaka sinia lote likaisha, na mchele ule ulikuwa safi tangu mwanzo.

"Na Ijumaa?" akauliza.

Nikasema kila Ijumaa jioni nitakuja, nitakaa hadi Jumapili. Meza ile nitaitumia kuandikia. Nilisema kweli, hata sasa naona ndiyo kweli, kwa sababu chumba cha Kilifi hakina mahali pa kuweka meza.

"Baba yako mwambie mwenyewe," akasema. "Mimi sisemi." Akainuka. Asubuhi nikakuta amenifungia mahamri ishirini kwa ajili ya kaka yake, kumi na mawili kwa ajili yangu, na funguo ya chumba cha samawati imefungwa kwenye ncha ya kitambaa.

Njia ya kurudi sikulala. Nilifanya mazoezi ya maneno. Baba anaijua Malindi kwa njia yake: ni kule ambako Mahakama Kuu mwaka 2018 iliamua wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa ajili ya bandari mpya. Alikwenda siku ya hukumu, akalala kwa dada yake, akarudi anasema hajawahi kulala vizuri vile. Ndiyo maana nilijua sipambani na hoja. Napambana na godoro.

Alinipokea gatini mwenyewe, jambo asilolifanya. Tulipofika nyumbani alikula hamri la kwanza, la pili, akauliza mikoko yao nimeionaje. Nikasema mizuri, mifupi. Akafurahi. Nikamweleza ya mhadhiri na ya babu. Hapo aliacha kutafuna. Nilimwambia kuhusu boti, kwamba nikija kupima huku nitahitaji mashua, akasema mashua ipo, akasema kama vile mtu amemtukana kwa kuuliza. Halafu nikaiweka karatasi ya hesabu mbele yake, juu ya mkeka.

Baba husoma polepole, kidole kinapita chini ya kila tarakimu. Alifika mwisho, akarudi juu, akateremka tena. Mama alikuwa jikoni amenyamaza kwa namna ambayo mtu hunyamaza akisikiliza. Fomu ya maombi iko kwenye begi langu, nimeijaza yote ila anwani ya makazi.

"Hicho chumba kina mai?" akauliza.

Nikasema kuna tangi juu ya paa.

"La peke yako," akasema, "au la wapangaji wote?"